Wikendi ya Viondo

Mama mkwe wangu hawezi kufanya kazi yake mimi nikiwa karibu, na mimi ndiye niliyemwita aje kuifanyia kwangu. Nililijua hilo Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa wameshafika, mkonge umeshakauka, na siku ya kwanza kati ya mbili inakwenda bure.

Nirudi nyuma kidogo.

Mama mkwe anasuka viondo. Jina lake silitaji. Kwetu mkwe halitaji. Anatoka Muthara, na viondo vyake si hivi vya nyuzi za dukani vinavyouzwa kando ya barabara. Ni vya mkonge, vimebanwa hata ukitia nafaka ndogo ya wimbi haidondoki punje. Ukikigeuza kiondo chake juu chini huoni kazi ilianzia wapi. Hakuna fundo. Wasusi wengine wote huanza kwa fundo. Yeye anajua namna ya kupishanisha nyuzi za kwanza zikashikana zenyewe, na hajamwachia mtu.

Jicho lake la kushoto limekwisha. La kulia wakati huo lilikuwa linaona mlango lakini halimwoni aliyesimama mlangoni. Daktari alisema anaweza kulipasua, akasema pia kwamba kwa ile sukari aliyonayo hatoi ahadi. Mama alishika hilo la ahadi, akakataa kurudi.

Mke wangu Kawira ndiye binti yake wa pekee. Akiwa msichana alikikimbia kiondo, akasema ni kazi ya watu wasio na kazi. Akaenda Embu kujifunza cherehani, akaishi mtaa wa Dallas huko huko mjini na wasichana wenzake, mpaka nilipomwoa nikamleta huku Gachoka. Sasa watoto wamekua, na hilo jicho la mama likaanza kumsumbua kuliko lilivyomsumbua mwenyewe. Mwezi wa kwanza alikwenda Muthara afundishwe kile kitako cha kiondo. Alirudi mikono mitupu. Mama alimwambia hivi: "Kiondo hakifundishwi mtu mmoja kama adhabu. Sisi tulijifunza tukiwa kundi, tukichekana."

Kawira akawaeleza rafiki zake wa Dallas. Wako watatu. Lorna ni mwalimu, na hata akikuomba chumvi utadhani unapewa zoezi. Tabby anauza mapazia. Maxine ndiye mdogo wao, anatengeneza watu kucha, na zake mwenyewe ni ndefu kama za tai. Lorna akasema kundi si wao? Wachukue wikendi moja, waende mashambani, simu zizimwe, wasuke, wale, walale. Jioni hiyo hiyo akafungua kikundi cha WhatsApp.

Muthara haikuwezekana. Shemeji yangu Kobia amepanda miraa mpaka dirishani, na nyumba ina vyumba viwili. Kwangu kuna nafasi, na mkonge umeota kwenye mpaka wote wa shamba. Nikasema waje. Nilisema haraka, kama mtu anayeitwa kwenye chakula. Hofu ilikuja baadaye.

Kwanza choo. Mlango wake ulikuwa gunia. Nikaweka mabati. Halafu maji. Mvua ilikuwa imetukosa msimu mzima na mfereji hutoa maji siku ukipenda. Maxine akauliza kwenye kikundi kama kuna maji ya moto ya kuoga. Nikamwambia Kawira amjibu kwamba Gachoka maji yote ni ya moto, hata ya kunywa. Tabby akauliza kama kuna nyoka. Nikasema ajibiwe hakuna. Wapo.

Lakini hofu yenyewe ilikuwa ile ya jicho. Wikendi ya kwanza waliyoipanga, shangazi yake Tabby akafa, wakaahirisha. Ya pili, Lorna akawa na mitihani ya shule. Kila wakiahirisha Kawira alimpigia Kobia simu kuuliza hali. Mara ya kwanza Kobia alisema mama amemimina chai kando ya kikombe. Mara ya pili akasema mama amesimama njiani na kukisalimia kigingi cha ua, akidhani ni jirani, akakasirika kwamba hajibiwi. Kawira alicheka aliposimulia. Kisha akaketi kwenye ndoo na hakuinuka mpaka chakula kikaungua.

Waliposema sasa tungoje likizo, niliichukua simu ya Kawira na kurekodi ujumbe mwenyewe. Sijawahi kuandika kwenye vikundi. Shule niliiacha darasa la sita na vidole vyangu ni vinene. Nikasema, "Huyu ni Baba Njeru. Mkitaka kuja, njooni wikendi inayokuja. Mvua ikinyesha mkonge haukauki. Mkiahirisha tena mtakuja kufundishwa na picha."

Kisha Lorna akajibu, "Sawa, Baba Njeru. Lakini wewe ni mwenyeji ama ni askari?"

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilikata mkonge, nikaukwangua juu ya gogo kwa panga butu. Maji yake yanawasha kama upupu. Mikono ilivimba mpaka kwenye viwiko. Nikaziosha nyuzi, nikazianika kwenye ua, zikawa nyeupe kama ndevu za mzee. Kazi nyingine ilikuwa mbuzi. Tangu ukame uanze fisi alikuwa ameshuka bondeni, na jirani yangu Munyi alikuwa amepoteza wawili, mmoja mchana kweupe. Kwa hiyo sote wa huku juu tulikuwa tunawafungia mbuzi bomani na kuwakatia matawi. Wangu walikonda, lakini walikuwepo.

Munyi huyu tuliacha shule pamoja. Yeye alikosa karo, mimi nilichoka viboko. Mke wake alikubali mama mkwe alale kwao, kwa sababu mama hawezi kulala chini ya paa la mwanamume aliyemwolea binti. Hilo nililikumbuka mwenyewe, bila kuambiwa, na nikajiona mtu mwerevu. Niliiheshimu mila ya usiku, nikausahau mchana.

Nikajenga kibanda cha kusukia. Miti minne, nyasi juu, mkeka mpya chini. Nilikiweka katikati ya kiwanja, mahali upepo unapopita. Kushoto kwake lipo tangi, kulia boma la mbuzi, nyuma jikoni, mbele lango. Mtu akichota maji anapita hapo. Akitoka jikoni anapita hapo. Nilikizunguka mara nyingi Alhamisi jioni, nikaona ni kizuri.

Ijumaa Kobia alimleta mama, akanywa chai amesimama, akarudi kwa miraa yake. Kina Lorna wakaingia na gari jioni, wakiwa na magodoro, spika ya muziki na keki. Maxine akaitazama mikono yangu akauliza kama ni ugonjwa. Nikamwambia ndiyo, unaitwa kiondo, kesho atakuwa nao.

Jumamosi baada ya chai wakaketi kibandani. Mama akazishika nyuzi, akazinusa, akazivuta. Akasema kwamba aliyekwangua alikuwa na haraka lakini si mbaya. Nilifurahi kama mtoto. Kisha akanyoosha miguu mkekani, leso mbili zikiwa zimemfunika mpaka vidoleni, na hakuanza.

Akasimulia hadithi. Wakacheka. Wakangoja. Kawira akamwekea fungu la nyuzi mapajani. Mama akalipapasa, akalirudisha mkekani. Akaomba maji, nikaleta. Jua lilipogeuka nikausogeza mkeka. Nikaleta kiti, labda mgongo unamuuma. Nikaleta mkonge mwingine, labda ule wa kwanza haufai. Nikaleta chai. Kila nilipofika alizidi kunyamaza. Lorna akaanza kutazama saa. Maxine akawasha simu.

Mimi niliwaza kwamba jicho limekwisha na mama anaona haya kusema. Kawira aliwaza hivyo hivyo. Nilimkuta nyuma ya jikoni ameufunika uso kwa leso.

"Tumechelewa, Baba Njeru," alisema. "Tumechelewa kwa mitihani na matanga."

Nikachukua jagi la maji, nikarudi kibandani, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua.

Nilipolitua, mama mkwe aliuelekeza uso langoni, si kwangu, akamwuliza Kawira aliyekuwa anarudi: "Mbuzi wa hapa hawaendi malisho?"

Nikamjibu mimi, mjinga. "Mwambie mama wanalishwa bomani. Kuna fisi bondeni."

"Fisi," alisema mama. "Nasikia mbuzi mmoja amevaa kengele."

"Ni yule wa kahawia," Kawira akamwambia.

"Kengele nzuri. Inasikika mbali?"

Nikasema kutoka bondeni hadi hapa inasikika. Mama akatikisa kichwa, akaivuta leso chini zaidi, na ilikuwa tayari imefunika miguu yote.

Munyi alikuwa amesimama langoni na sukari aliyotumwa na mkewe. Aliyasikia hayo. Akanishika mkono ulio na vipele, akanivuta nyuma ya boma, akacheka mpaka akakishikilia kigingi.

"Kivuti," aliniita kwa jina langu la shule, "uzi wa mkonge husokotewa wapi?"

"Pajani," nikasema, na mdomo ukabaki wazi.

Nilimwona mama yangu mzazi akisokota miaka yote ya utoto wangu. Hukunja leso juu ya goti, huweka nyuzi kwenye paja tupu, hukokota kiganja mbele na nyuma. Paja lake la kulia lilikuwa na mahali pamelainika, panang'aa kama kibuyu. Bila hivyo hakuna uzi, na bila uzi hakuna kitako. Sasa mama mkwe avue paja mbele ya mkwe wake? Zamani macho yakiwa mazima angeniona ninakuja, ajifunike. Leo haoni. Kila hatua inayopita yaweza kuwa yangu. Na mimi nilikuwa ninapita kila mara na jagi.

Munyi akasema jambo ni jepesi, niende zangu kituo cha maduka, nikakae kwenye duka lake dogo huko. Nilifikiri. Nikaona haifai. Nikiondoka mikono mitupu, kila mtu pale atajua kwa nini nimeondoka. Mama naye atajua kwamba nimekaa nikaliwaza paja lake. Kwa aibu hiyo angeomba kurudishwa Muthara siku hiyo hiyo, na asingekanyaga kwangu tena. Yeye alikuwa amenipa mlango wa heshima. Mwanamume hawezi kulaumiwa kwa kulisha mbuzi. Na kengele ikienda naye, mama atasikia anapokwenda, na atasikia anaporudi.

"Na fisi?" Munyi akauliza.

Nikamwambia nitalala nao kule chini, kwenye boma la zamani la baba. Nikirudi jioni kengele itawavunjia kazi, na walikuwa wamepanga kusuka mpaka usiku kwa taa. Nusu ya siku nilikuwa nimeshaila mimi na chai yangu.

Munyi akaacha kucheka. "Yule wa kahawia ana mimba," alisema. "Mwache huyo."

"Ndiye mwenye kengele. Wengine humfuata yeye."

Nikachukua blanketi, tochi na panga. Nikawafungua. Nikasema kwa sauti, katikati ya kiwanja, "Mama Njeru, nawapeleka mbuzi bondeni. Wamekonda. Nitarudi nao kesho jua likishuka."

Kawira alinitazama kama nimepandwa na wazimu. "Leo? Na wageni hawa?"

Mama mkwe akasema, bila kumtazama mtu, "Mwenye mbuzi hulisha mbuzi."

Sikugeuka nyuma. Tulipokuwa tumeshafika kwenye miembe ya Munyi, kengele ikilia mbele yangu, nilisikia wanawake wanacheka kule juu, kicheko cha kweli, kile cha kuchekana. Ndipo nikajua leso imekunjwa.

Huko chini sikuwa na raha hata kidogo. Simu haishiki mtandao bondeni. Niliziba mianya ya boma kwa matawi ya miiba, nikawasha moto, nikawahesabu mbuzi mpaka nikachoka kuwahesabu. Nilimwogopa fisi, lakini zaidi niliogopa kwamba huku juu mambo yanaharibika tena. Labda paja lipo lakini jicho halipo. Labda Kawira amekosea na mama amechoka. Nimewatoa mbuzi kwa fisi ili watu wasimulie hadithi na kula keki.

Fisi alikuja alfajiri, sijui ni mmoja au zaidi. Mbuzi walishtuka, wakasukumana, wakauangusha upande mmoja wa miiba, na wa kahawia ndiye aliyekuwa pembeni. Nilikimbia na panga. Nikamrushia fisi blanketi, likanasa kwenye miiba, likachanika vipande. Kengele nilikuwa naisikia inakwenda mbele yangu gizani, kasi, halafu ikanyamaza. Kulipopambazuka nilimkuta kando ya mkondo mkavu. Fisi alikuwa amekimbia kelele zangu lakini alikuwa ameshamaliza. Nikafungua kengele, nikaiosha kwa mchanga.

Ningeweza kurudi saa hiyo. Lakini nilikuwa nimesema jua likishuka, na mama alikuwa amenisikia. Nikawalisha waliobaki siku nzima ya Jumapili, nimekaa juu ya jiwe, kengele mfukoni nimeijaza majani isilie.

Jioni nilimfunga kengele yule dume mweusi. Nikapanda nao polepole. Langoni nilisimama, nikawaacha watangulie, ili kengele ifanye kazi yake. Nilipoingia mama alikuwa amefunikwa mpaka vidoleni.

Lorna alikuwa anapakia gari. Tabby aliniinulia kitu kilichofanana na kiota cha ndege, akasema ni kiondo cha funguo. Maxine alikuwa amekata kucha zote kumi, na mapaja, akasema, yanawasha, amekubali ni ugonjwa. Wakaaga. Lorna akaniambia mwenyeji gani anawakimbia wageni kwa ajili ya mbuzi. Nikamwambia askari huhamishwa. Hakuna aliyecheka sana, walikuwa wamechoka.

Kawira alibaki kibandani na mama yake. Mkononi alikuwa na kitako, kipana kama sahani, upande mmoja kimepinda. Nikakigeuza. Sikuona fundo.

"Alinifumulia mpaka nikalia," aliniambia taratibu. "Leo mchana akaacha kufumua."

Mama alikipapasa kile kitako kwa kidole gumba, akazunguka nacho mpaka pale palipopinda, akapita. Mbuzi walikuwa wanaingia bomani. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Kengele imehama shingo," alisema.

Kawira akanitazama. Akalitafuta kwa macho blanketi ambalo sikuwa nalo.

"Wamerudi wote, mama," nikasema.

Mama akamrudishia Kawira kitako. "Haya," alisema, akaomba mkono wa kumwinua, wakaenda zao kwa Munyi.

Usiku huo Kawira alikwenda bomani na tochi kabla ya kuniwekea chakula. Aliporudi aliniongezea nyama.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Kabla mahindi hayajatoa maua Kobia alipiga simu akasema mama sasa haoni hata mlango. Kile kitako Kawira amekipandisha, kina ukuta wa shibiri moja, na ameanza kingine bila kuangalia cha kwanza.

Nami nimehesabu nilichotoa. Ngozi ya mikono, ambayo imeota tena. Blanketi moja, na bado kipande chake kipo kwenye miiba kule chini, ninakiona nikipita. Mbuzi mmoja wa kahawia, mzao wa tatu, mpole, aliyejua njia ya nyumbani bila kuongozwa. Na tumboni mwake, nilipomkuta, walikuwa wawili, jike na dume, manyoya yameshaota.